Nilimwita Shangazi Muuza Siagi

Kama hukunisoma wiki iliyopita, usijilaumu. Hujapoteza kitu. Aliyepoteza ni mimi, na bado naendelea kupoteza.

Kwa wageni: mimi ni fundi wa kubandika. Pambo la mlango likibanduka, nembo ikining'inia, spoila ikilegea, kioo cha ndani kikikudondokea mapajani ukiwa unaendesha, unaniletea mimi, kwenye karakana ya mjomba wangu, kaka yake mama. Safu nzima ya wauza vipuri wananiita Redio, kwa sababu sizimiki.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ana kibanda cha gundi hatua arobaini kutoka karakana. Ameuza gundi pale miaka kumi na tisa. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, na kazi hii ninayoringia ndiye aliyenifundisha.

Ndani ya wiki mbili, vitu vitatu nilivyobandika kwa mkanda wa gundi wa shangazi vilibanduka. Cha tatu kilikuwa spoila, lile bawa la nyuma ya gari. Iliruka barabarani, mwendesha pikipiki aliyekuwa nyuma akaikwepa, akaanguka, akavunjika mkono.

Nami, kwa hofu ya kuulizwa mimi, nikawahi kuuliza. Nilikwenda hadi kibandani kwa shangazi, wateja wamejaa, nikapaza sauti:

"Shangazi, hii si gundi, hii ni siagi! Bora ungeniambia mapema, ningekuja na mkate!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Shangazi hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Kitambaa chako cha kufutia ni kipi?"

Nikamjibu: "Mimi nakuuliza gundi, wewe unaniuliza nguo?"

Wakacheka tena. Kamati ya safu haikucheka. Ilikuja na kufuli, ikafunga kibanda, ikatangaza kikao Jumamosi saa nne asubuhi. Atakayekutwa na kosa la ile spoila anaondoka kwenye safu, na harudi tena.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa kaeni vizuri.

*

Jumatano mwalimu alirudisha gari lake. Pambo la mlango wake ndilo lililokuwa la kwanza kubanduka.

Mjomba alikuwa ameagiza mkanda mwingine kutoka duka kubwa la upande wa pili wa mji. Mkanda wenye maandishi ya dhahabu. Hata kuukata nilikuwa naona aibu.

"Mwalimu," nikamwambia, "huu ukibanduka, utabanduka na mlango wenyewe."

Alhamisi mchana nikamwona mwalimu anaegesha gari nje, anakuja kwa miguu. Amelishika lile pambo kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili, kama mtu aliyeokota nyoka.

"Redio."

"Mwalimu."

"Mlango bado upo."

  Mwalimu aliniangalia kidogo, akalilaza pambo juu ya meza yangu, akasema atarudi jioni kuchukua gari, akaondoka.

Nikabaki na mlango na pambo. Kichwani likawa linazunguka jambo moja. Mkanda wa shangazi ulibanduka. Mkanda wa dhahabu nao umebanduka. Mikanda miwili, viwanda viwili, maduka mawili. Kinachofanana ni mlango na mimi. Na vile vitu vingine viwili vilivyobanduka vilikuwa kwenye magari mengine kabisa.

Ondoa milango. Umebaki na nini?

*

Nilikuwa na miaka kumi na sita shangazi aliponikalisha kwenye kreti tupu kibandani kwake, akanipangia gundi mbele yangu kama mtu anayepanga karata.

"Hii ni gundi ya sekunde," alisema. "Ni ya mtu mwenye haraka na kitu kisichotikisika. Gari linatikisika. Bati linapigwa jua linatanuka, usiku linanywea. Gundi ngumu itakatika kama biskuti, tena itakuachia ukungu mweupe pembeni, kila mtu ajue ulipita hapo."

"Hii ya kopo?"

"Ya kitambaa cha dari. Unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi ukigusa isinate, ndipo unakutanisha. Ukikutanisha mapema, dari itakushukia kichwani kama chandarua."

"Hii ya mirija miwili?"

"Chuma kwa chuma. Changanya nusu kwa nusu. Ukipunja upande mmoja, itabaki laini mpaka uzeeke."

Mwisho akanionyesha mkanda wa povu, wa kunata pande zote mbili.

"Mapambo ya milango, spoila, nembo, ni huu. Una mwili. Gari likiyumba, unayumba nalo. Lakini sikiliza, mwanangu. Gundi yoyote inashika inachokikuta. Ikikuta bati, itashika bati. Ikikuta mafuta, itashika mafuta, na mafuta hayajashika kitu."

Kisha akamwaga maji kwenye kipande cha bati nilichokuwa nimekifuta. Maji yakajikusanya matone matone.

"Unaona yanavyokimbiana? Bado kuna mafuta. Futa tena." Nikafuta. Akamwaga tena. Safari hii maji yakatandazika kama shuka. "Sasa ndipo ubandike. Na kitambaa cha kufutia hakina kazi nyingine hapa duniani. Hakifuti mikono, hakifuti meza, hakifuti pua yako."

Miaka saba nilimwaga maji. Halafu nikawa fundi maarufu, nikaacha. Fundi maarufu hana muda wa kumwagia magari maji.

Alhamisi ile nilichukua chupa yangu ya kunywea, nikaumwagia mlango wa mwalimu, palepale nilipokuwa nimefuta mwenyewe siku iliyotangulia.

Maji yakakimbiana.

Yalisimama matone matone kama jasho kwenye pua ya mgonjwa.

Nikageuka nikatazama meza yangu. Pale pembeni pamesimama kopo la mafuta ya kung'arisha dashibodi. Nililileta mimi, wiki tatu zilizopita. Wazo lilikuwa langu. Nilimwambia mjomba: mteja akija kuchukua gari, alikute linametameta hata kama tumebandika nembo tu. Mjomba alinipiga begani kwa furaha. Wateja walikuwa wanatoka wanatabasamu. Na kitambaa nilichofutia yale mafuta kilikuwa kile kile cha bluu nilichokuwa nakilowesha spiriti kusafishia kabla ya kubandika.

Kwa wiki tatu nilikuwa nasafisha magari kwa uchafu. Kila nilivyofuta kwa bidii ndivyo nilivyozidi kuharibu.

"Kitambaa chako cha kufutia ni kipi?"

Aliniuliza mbele za watu, nami nikamjibu kwa mzaha.

Nilichana fulana yangu safi vipande sita. Nikafuta kwa spiriti, kila kipande mara moja, nikikitupa. Maji yakakataa. Nikaosha kwa sabuni ya vyombo, nikasuuza, nikafuta tena. Kipande cha tano, maji yakatandazika. Nikatafuta bunda la mkanda wa shangazi, ule niliouita siagi. Ulikuwa umebaki urefu wa mkono mmoja. Nikabandika pambo, nikalikandamiza, nikasubiri saa nzima. Kisha nikalishika kwa mikono miwili nikajining'iniza.

Gari liliinama. Pambo halikusogea.

Msomaji, umewahi kulia huku unaning'inia kwenye mlango wa gari la mtu? Usijaribu. Makamasi hayana pa kwenda.

*

"Mjomba, nina jambo."

Alikuwa uvunguni mwa gari, miguu tu inaonekana. Nikaihutubia ile miguu. Niliieleza habari ya kopo, habari ya kitambaa, habari ya maji. Miguu ilikuwa inatikisika, kisha ikatulia.

Akatoka polepole.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na miguu yako."

"Usinifanyie utani."

"Sifanyi utani, mjomba. Shangazi hana kosa. Kosa ni letu. Ni langu."

Alijifuta mikono muda mrefu. "Kesho kutwa kamati ikisema kosa ni la karakana, hii karakana inafungwa. Hapa wanakula watu sita, na mmoja ni mama yako. Shangazi yako ni mtu mmoja. Hana mtoto, hana mume. Atapumzika."

"Shangazi hajui kupumzika."

"Atajifunza."

"Yule mtu amevunjika mkono, mjomba."

"Ukisema ukweli utaunga?" Akanisogelea, akashusha sauti. "Mpwa wangu, mimi sikukutuma ukamtukane yule mama. Ulikwenda kwa miguu yako, ukasema kwa mdomo wako. Sasa ndiyo imeshakuwa. Jumamosi usiongeze neno. Mara moja tu katika maisha yako, zima hiyo redio."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa amesema uongo hata mahali pamoja.

*

Ijumaa alasiri nilikwenda nyumbani kwa shangazi. Njia nzima nilikuwa naifanyia mazoezi sentensi moja: Shangazi, ni kitambaa changu. Maneno manne. Mtu hashindwi maneno manne.

Nilimkuta amekaa kizingitini, miwani puani, anapanga risiti za miaka yote kwenye boksi la viatu ili akawaonyeshe kamati kuwa mzigo wake anaununua mahali halali.

"Karibu, mwanangu. Umekonda."

"Ni mawazo, shangazi."

"Mawazo uliyapata lini? Ukiwa mdogo hukuwa nayo."

Alinimiminia chai. Nikaipuliza.

"Shangazi..."

Vijana wawili walipita nje ya uzio. Mmoja akapaza sauti: "Mama, siagi ipo?" Mwenzake akaangua kicheko. Wala hawakuwa na ubaya nao. Walikuwa wanarudia tu kichekesho cha mjini. Kichekesho changu.

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Imeisha!" akawajibu. "Njooni na mkate wenu wiki ijayo!"

Kisha akanigeukia, akatabasamu. "Unaona? Utani huu wote unaosumbua watu mjini uliurithi kwangu. Baba yako alikuwa mtu mzito kama gunia."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakageuza.

"Chai nzuri, shangazi," nikasema.

Ndiyo. Ndiyo maneno niliyosema.

Njiani kurudi ndipo nilipopata mpango wangu, na niliuona wa akili nyingi mno. Nilikuwa nimesikia kuwa kamati itafanya jaribio hadharani: mkanda wa shangazi, mlango wa gari, ndoo ya nati. Mbandikaji ni mimi. Basi, nitafutia kitambaa safi. Mkanda utashika. Shangazi atafunguliwa kibanda, mjomba atabaki na karakana, nami nitabaki na mdomo wangu umefungwa. Kila mtu atakwenda nyumbani akiwa mzima.

Isipokuwa yule wa pikipiki, ambaye nilijilazimisha kutomfikiria.

*

Jumamosi saa nne safu nzima ilikuwa imesimama. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa vioo vya pembeni, alikuwa ameegemeza mlango chakavu wa gari kwenye ukuta. Mwendesha pikipiki alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Shangazi alisimama mbele ya kibanda chake kilichofungwa, na boksi lake la viatu kwapani.

Ovaroli yangu ilikuwa ileile ya kila siku, mfuko wa kulia umechanika hadi chini. Kitambaa safi, cheupe, nilikuwa nimekifunga kwenye karatasi, nimekiweka ndani ya kofia.

Mjomba alinisogelea kama mtu anayekuja kunipa moyo. Akanisukumia kitambaa cha bluu katika mfuko wa kushoto.

"Bandika kama kawaida yako," akaninong'oneza.

Mwenyekiti alifungua kufuli mbele ya macho yetu, akaingia mwenyewe, akatoka na bunda jipya la mkanda.

"Redio. Fuatisha kazi yako ya kila siku. Tusione miujiza."

Nikavua kofia, nikatoa kitambaa safi. Mjomba alikiona. Nilimwona alivyobadilika uso. Nikafuta kwa sabuni, kwa spiriti, nikabandika pambo, nikakandamiza. Kitambaa nikakisokomeza mfukoni. 

Tukasubiri nusu saa. Mwenyekiti akatundika ndoo ya nati.

Ndoo ikakaa.

Akaongeza nati. Ikakaa. Akaupiga mlango teke. Nati zikalia, ndoo ikakaa.

Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Shangazi hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama mimi, si ndoo. Alikuwa amekiona kitambaa cheupe.

Nikajisemea: yamekwisha. Nilianza hata kutabasamu.

"Mwenyekiti," mjomba akasema, "nami nina neno."

Tabasamu likakatika.

"Mkanda huu ni mzuri, nani atabisha? Swali langu ni moja. Kama huu ndio aliotuuzia, kwa nini vitu vitatu vilibanduka? Maana yake huyu mama ana mizigo miwili. Mbovu anatuuzia sisi. Mzuri anauweka mbele, wa kuwaonyesha kamati."

Minong'ono ikapita kwenye umati.

"Hilo nalo neno," mtu akasema.

"Kumbe mjanja!" mwingine akadakia.

Mwendesha pikipiki akainuka kitini. "Mama, mimi nilidhani ni bahati mbaya. Kumbe ulikuwa unajua?"

Ona nilichokifanya, msomaji. Kabla ya mpango wangu wa akili nyingi, shangazi alikuwa muuzaji aliyepunjwa na kiwanda. Baada ya mpango wangu, alikuwa tapeli.

Boksi la viatu lilimteleza kwapani. Risiti za miaka kumi na tisa zikamwagika chini. Hakuna aliyeinama kuziokota.

"Mwanangu," shangazi aliniita, kwa sauti ya kawaida kabisa, "lile swali langu hujanijibu bado."

Mjomba alinishika bega. Vidole vyake viliingia mpaka kwenye mfupa.

Nikamtoa mkono.

"Ni kitambaa changu!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Nilikuwa nafutia mafuta ya kung'arisha, halafu nafutia hichohicho kabla ya kubandika! Gundi haina kosa, shangazi hana kosa, hiyo spoila niliiangusha mimi!"

Watu wakatazamana.

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka. "Redio bwana! Leo mafuta, juzi siagi!"

Umati mzima ukaangua kicheko.

"Nasema kweli!"

Wakacheka zaidi. Mmoja akaniiga sauti. Msomaji, nimechekesha watu tangu darasa la pili. Sijawahi kuchekesha umati kama ule. Nilikuwa nalia, nao wanaona ndiyo sehemu tamu.

"Anamwonea huruma shangazi yake," mjomba akasema kwa upole. "Damu ni damu, hatumlaumu."

"Basi nithibitishe!" nikamrukia mwenyekiti. "Nipe mlango. Upande huu nitafuta kwa kitambaa changu cha kazi, upande ule kwa kitambaa safi. Mkanda ni huohuo, bunda ni hilohilo, ndoo mbili. Upande wa mafuta ukianguka, wa safi ukabaki, mtaniamini?"

Mwenyekiti alifikiri. "Ukianguka wa mafuta ukabaki wa safi, karakana ndiyo yenye kosa na mama anafungua kibanda leo hii. Lakini vyote viwili vikianguka, Redio, sitaki kusikia neno lingine. Gundi ni mbovu, mama anaondoka. Umekubali?"

"Nimekubali!"

Nilikubali mimi. Shangazi hakuulizwa.

Wakageuza mlango upande mwingine. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa vitambaa, cha bluu na cheupe. Nikafuta kushoto kwa cha bluu. Nikafuta kulia kwa cheupe, kwa spiriti, mara tatu, kwa nguvu zangu zote.

"Maji, mwanangu," shangazi akasema. "Mwagia maji kwanza."

"Hakuna haja, shangazi. Nina hakika."

Nikabandika vipande viwili, nikakandamiza hadi vidole vikawa vyeupe. Nusu saa. Jua lilikuwa linachoma utosini. Mwendesha pikipiki alikuwa hapepesi macho. Mjomba alijifuta shingo, akajifuta tena.

Mwenyekiti akatundika ndoo ya kwanza, upande wa kitambaa cha bluu.

Haikumaliza hata dakika. Pambo lilijimenya taratibu kama ganda la ndizi, ndoo ikashuka, nati zikatawanyika miguuni mwa watu.

Waliokuwa bado wanacheka wakakoma ghafla. Wakanitazama. Kwa mara ya kwanza walinitazama kama mtu anayesema kweli. Mjomba alifumba macho.

"Mmeona?" nikasema. "Mmeona!"

Mwenyekiti akatundika ndoo ya pili, upande wa kitambaa cheupe, akarudi nyuma hatua moja.

Ikakaa.

Nikahesabu pumzi. Kumi. Ishirini. Shangazi alikuwa ameanza kuokota risiti zake. Thelathini.

Nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayebandua stempu kwenye bahasha.

"Hapana," nikasema.

Pambo likainua kona. Likajimenya. Ndoo ya pili ikashuka, nati zake zikaviringika zikaenda kuchanganyikana na za kwanza.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

"Basi," mwenyekiti akasema. Hakuwa na furaha. Alichukua kufuli mezani, akanyoosha kiganja mbele ya shangazi. "Mama, naomba funguo zako."

"Subirini! Kuna kitu hakiko sawa, nifute tena..."

"Tulikubaliana, Redio."

Shangazi alimpita mwenyekiti. Alitoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akauendea mlango, akaumwagia pale palipoanguka pambo la pili, pale nilipofuta kwa kitambaa safi.

Maji yakakimbiana.

Aliyatazama kidogo yale matone. Watu waliona mama anaosha mlango. Mimi na yeye tu ndio tulioona kilichokuwapo. Akageuka, akaja hadi karibu yangu, akaniuliza polepole, bila hasira, kama alivyokuwa akiniuliza zamani kwenye kreti:

"Ulipomaliza lile jaribio la kwanza, mwanangu, kile cheupe ulikiweka wapi?"

Nikapeleka mkono kulia. Vidole vikapita kwenye tundu, vikatokea kwenye paja.

Nikapeleka mkono kushoto, kwenye mfuko pekee uliobaki mzima, ule wa kitambaa cha bluu. Ulikuwa umelowa, unateleza, na niliponusa vidole vilinukia dashibodi mpya.

Nilipoinua uso, shangazi alikuwa ameshafungua mkoba wake, anatafuta funguo.